Mafuta ya Papa ya Fundi Abilahi

Lindi ya siku zile gari lilikuwa halina siri. Lilijulikana ni la nani, limetoka wapi na linaumwa nini. Asubuhi ukisikia mtu anazungusha hendeli, anapumzika, anazungusha tena, na matusi yanamtoka kidogo kidogo, huna haja ya kuchungulia dirishani. Unasema tu, hilo la Bakari Tawakali, limegoma. Na ukishasema hivyo unaongeza, kwa Abilahi hilo. Maana magari yaliyogoma mji mzima yalikokotwa hadi kwa mtu mmoja, Abilahi Dadi.

Abilahi alikuwa mtu wa Kilwa Kisiwani, mwana wa fundi wa vyombo vya baharini, mjukuu wa fundi wa vyombo. Yeye mbao hakuzipenda. Wazungu walipokuja Nachingwea na habari zao za karanga, akaenda huko bado kijana, akaingizwa karakana, akashikishwa spana. Karanga zikafa, kama kila mtu ajuavyo, Wazungu wakafunga virago, lakini spana ilikwisha mkaa mkononi. Akashuka Lindi na sanduku lake la bati, akasimamisha banda la makuti pale Mikumbi, akamwoa Mwahija, wakamzaa Samia, akaitwa fundi. Ukisikia mtu anasema "fundi" bila ya jina, ujue ni yeye. Naye alipenda hivyo, tusimsingizie unyenyekevu. Akipita sokoni watu wakinong'onezana, fundi huyo, shingo ilikuwa ikirefuka ndani ya kanzu.

Sasa njoo kwenye malalamiko, maana ndiyo yaliyomjengea jina, na ndiyo yaliyombomoa.

Bakari Tawakali alikuwa na basi la abiria la kwenda Mingoyo na Mtama. Likiwaka leo, kesho haliwaki. Likiwaka asubuhi, mchana linashikwa na kwikwi kilimani, linatikisika, linakata moto, abiria wanashuka na kuku wao. Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa alikuwa na pikapu. Taa zake zilikuwa zikizima kila zikiona giza, sijui ziliogopa nini. Mwalimu Damiani wa misheni alikuja na lori la mapadri, mtu mpole, asiyeinua sauti, lakini siku hiyo aliinua. "Fundi," alisema, "umelitengeneza wiki iliyopita. Umelitengeneza na wiki ile ya kabla. Mimi nifanye nini, nilisomee sala?"

Abilahi hakubabaika. Anafungua boneti, anasugua platini kwa msasa, anachomoa plagi moja moja, anazipuliza, anazirudisha, anakata nyaya zilizooza anatia mpya, anakaza za betri. Hendeli mara moja, gari linanguruma. Mwenye gari anasahau hasira zake zote, anacheka, anampa mkono. Halafu, kabla ya kufunga boneti, Abilahi alikuwa na jambo lake ambalo fundi mwengine hakulijua. Anachukua kopo, anachovya kitambaa, anazipaka nyaya zote mafuta, moja baada ya moja, taratibu kama mama anavyompaka mtoto. Anapaka na kile kifuniko nyaya zinapokutana, ndani na nje.

Yalikuwa mafuta ya ini la papa. Dada yake Kijakazi, aliyeolewa Songo Songo, alikuwa akimletea debe kwa chombo, na harufu yake usiulize. Gari likitoka kwa Abilahi paka walilifuata njia nzima. Watu walimtania, yeye akawajibu alivyojibiwa na baba yake utotoni: chumvi hula kila kitu, ila ubao uliopakwa mafuta ya papa haiuli. Chombo cha babu yake kimepakwa hayo, kimeelea hadi wajukuu. Kama ubao umenusurika, waya utashindwa vipi? Nachingwea hawakumfundisha hilo. Hilo alikuwa nalo kwa kuzaliwa, na moyoni aliamini ndilo linalomfanya yeye awe fundi na wengine wawe wafungua nati tu.

Na magari yakaendelea kurudi.

Mwanzo alisema ni barabara. Baadaye akasema ni petroli ya siku hizi. Lakini barabara haijibu na petroli haina uso, na wenye magari walitaka mtu. Siku moja basi la Bakari lilikata moto nje ya Mingoyo, abiria wakarudi mjini kwa miguu, na Bakari akaja bandani povu linamtoka. "Leo utaniambia, fundi. Kasoro iko wapi?"

Abilahi alikuwa ameinama ndani ya boneti. Alichoka, na aliona haya kidogo kwamba hajui. Angesema hajui yangekwisha. Lakini neno "sijui" mdomoni mwa mtu aliyezoea kuitwa fundi ni zito kulitoa. Akasema, "Kazi yangu mimi nimeifanya, Bwana Bakari. Kuna watu wana mkono mbaya. Chombo kizima wakikigusa kinakufa. Mtazame dereva wako."

Alilisema hivyo, akafuta mikono, akaomba maji ya kunywa.

Dereva alikuwa Romani Bonaventura, Mmakonde wa uwanda wa juu, kijana mwenye mke na mimba nyumbani. Alikuwa akilifuta basi lile vumbi kwa shati lake mwenyewe. Asubuhi yake pale stendi, mbele ya abiria na wauza mihogo, Bakari alimshusha kwenye usukani kwa kumvuta kola, akamtia kofi. "Shuka. Mkono wako mbaya, fundi kaniambia." Aliitazama mikono yake, akashuka, akaondoka. Abilahi alikuwepo, upande wa pili wa barabara, ananunua vitumbua. Alimaliza kuvinunua. Akajiambia, Bakari ana mkono mwepesi, mimi sikumtuma ampige mtu.

Huko Songo Songo, mume wa Kijakazi alichomwa mguuni na mwiba wa taa, yule samaki, mguu ukavimba, hakwenda tena kuvua. Debe la mafuta halikuja. Kopo la Abilahi likakauka, naye akawa anatengeneza magari na kuyafunga hivyo hivyo, makavu, huku akinung'unika kwamba kazi haikukamilika.

Unajua kilichotokea. Magari yakatulia. Basi la Bakari akapewa Rafaeli, aliyekuwa akiendesha lori lake la mkaa, likaenda Mtama na kurudi, likaenda na kurudi, bila hata kikohozi. Taa za Mhindi zikaacha kuogopa giza. Lori la misheni likapanda na kushuka hadi Mwalimu Damiani akaleta mkungu wa ndizi wa kushukuru. Na mji mzima ukasema neno moja: mmeona? Kumbe ni yule Mmakonde. Hata yale magari ambayo Romani hakuwahi kuyagusa, watu walisema aliyapitia karibu. Hakuna mwenye gari aliyemtaka tena, hata wa kumkalisha pembeni ya dereva. Akaenda kukata mkonge shambani kwa Mzungu. Na Abilahi? Abilahi alitembea sokoni shingo juu kuliko zamani, maana ugonjwa ameutaja mwenyewe na mgonjwa amepona.

Kisha mguu wa shemeji ukapona. Debe likaja, limejaa pomoni. Abilahi akafurahi, akayaita magari yake yote aliyoyaacha makavu, akayapaka kisawasawa, mengine mara mbili kufidia. Msimu wa kusi haujaisha, Rafaeli akaja bandani anasukuma basi na abiria wake. Halina moto.

Abilahi alifungua boneti akiwa bado anapiga mluzi. Akaushika waya mmoja ili auvute, na mpira wake ukamtoka vidoleni. Haukukatika, ulitoka, mweusi, laini, unavutika kama halua, umeshikana na vumbi la njia nzima ya Mtama. Akaushika wa pili, vilevile. Akafungua kile kifuniko: ndani kumejaa tope la mafuta na vumbi, na moto wa plagi umejichimbia vinjia vyake humo, unakwenda usikotakiwa. Mluzi ukamkauka. Pembeni mwa banda palikuwa na kigari kibovu cha karani mmoja, alikitia nyaya mpya wakati ule kopo limekauka, na hakikurudi kupakwa kwa sababu mwenyewe alihamishwa. Akaenda kuzishika nyaya zake. Ngumu, kavu, zinang'aa, kana kwamba zimetoka dukani jana.

Alisimama pale, mkono huu umeshika waya huu na mkono huu umeshika ule, akaelewa. Chumvi haikuwa imekula kitu. Waliokula ni papa wa baba yake. Magari yote yale, malalamiko yote yale, alikuwa anayatia ugonjwa mwenyewe kwa mkono wake, kwa upendo, halafu anayatibu, halafu anayatia tena. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema nyani akiliona anajificha wapi.

Aliona aibu, aibu ya kweli. Akamwambia Rafaeli gari litalala. Akaenda nyumbani, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, na harufu ikabaki. Mwahija akampakulia wali na mchuzi wa pweza, chakula akipendacho, akakisukuma.

"Unaumwa, Baba Samia?"

"Siumwi."

"Basi kula."

Hakula. Kila akitaka kuyafikiria magari, magari yalikataa kufikirika. Alichokiona ni kofi. Alisikia hata mlio wake, na alikumbuka kwamba vitumbua vile alivila vyote.

Kesho yake baada ya alasiri alikwenda barazani kwa Bakari, mahali wenye magari walipokuwa wakinywa kahawa. Bakari alikuwepo, na yule Mhindi wa vitambaa, na Mwalimu Damiani aliyepita kulalamika, maana lori la misheni nalo lilikuwa limelala. Bakari hakungoja akae.

"Fundi, niambie wewe. Rafaeli naye ana mkono mbaya? Neno lako linatosha. Sema nimwondoe leo."

Ona jinsi shetani alivyo mwepesi. Mlango ulikuwa wazi, wa kupita mara ya pili, na hakuna ambaye angemshuku. Abilahi aliutazama. Kisha akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa waya uliooza na waya mkavu, akaziweka kwenye mkeka mbele ya birika la kahawa.

"Hakuna mwenye mkono mbaya," akasema. "Ni mafuta yangu. Yanaozesha mpira, vumbi linaganda, moto unapotea njiani. Nyaya nilizoacha bila kupaka ni kama huu hapa, mzima. Basi lilitulia kwa sababu mafuta yaliniishia, si kwa sababu Romani kaondoka. Romani hana kosa lolote."

Mhindi aliuchukua ule waya uliooza, akaunusa, akaurudisha haraka. Mwalimu Damiani aliinamisha kichwa. Abilahi alikuwa anangoja atukanwe, na kusema kweli alitamani atukanwe, apumue.

Bakari alikunywa kahawa yake polepole. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa tamu. "Fundi, wewe mwungwana. Umetuambia sisi, umefanya vyema. Acha kupaka mafuta, utupe nyaya mpya, yaishe. Lakini mambo haya yasitoke kwenye mkeka huu. Mwenyezi Mungu anapenda sitara. Amsitiriye mwenzake naye husitiriwa."

"Na Romani?"

"Romani amekwisha pata kazi huko kwenye mkonge. Ukilifunua lake sasa utafunua na ya wengine." Hakusema wengine ni nani. Hakuhitaji. Kofi lile lilipigwa mbele ya watu, na mtu mzima aliyempiga asiye na kosa mbele ya watu anajua deni lake liko wapi. "Tumsitiri kila mtu," akasema Bakari, na akammiminia Abilahi kahawa kwa mkono wake.

Na hapa ndipo palipo na aibu yenyewe, kubwa kuliko ya mafuta. Abilahi aliipokea ile kahawa. Aliinywa, na kifua kikamfunguka. Alikwisha sema, wamemzuia wao. Jina lake litabaki, wateja watabaki, sokoni shingo itabaki. Alirudi nyumbani akaomba kile kiporo cha pweza, akala akamaliza. Mwahija alimtazama lakini hakuuliza.

Jumapili, watu wa misheni wametoka kusali, mlangoni pakapigwa hodi. Alikuwa Romani, amekonda, mikono imechanwa na miiba ya mkonge, na nyuma yake mkewe Rosalia na kichanga mgongoni.

"Shikamoo, fundi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni ndani," akasema Mwahija, akawatandikia mkeka, akaleta maji na muhogo wa nazi. Abilahi hakupata pa kuweka macho.

Rosalia alimfungua mtoto mgongoni ili apate kula, na Mwahija, kama wanawake wafanyavyo, akamtwaa, akambusu, kisha akamnyooshea baba yake. "Mshike mwanao, mama yake ale."

Romani akairudisha mikono nyuma. Aliirudisha haraka, kama aliyeonyeshwa moto. "Hapana, mama. Mimi simshiki."

"Humshiki mwanao?"

Rosalia alijibu kwa niaba yake, macho chini. "Hajamshika tangu azaliwe. Anaogopa mkono wake."

"Ndilo lililonileta, fundi," akasema Romani. Alizungumza kwa adabu, taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno yake njiani. "Wewe ndiwe uliyeuona. Mimi nilikuwa siujui, nikadhani magari tu. Nimekuja kukuuliza kama unamjua mganga wa kuutoa. Gari silitaki tena. Nataka nimbebe huyu."

Mwahija alikuwa anamtazama, na mara hii macho yake yalikuwa yanauliza.

"Romani," akasema Abilahi mwishowe, "mkono wako hauna kitu. Nilisema uongo. Nilikuwa sijui kasoro, nikaona haya kusema sijui, nikakutwisha wewe. Mafuta yangu ndiyo yaliyokuwa yakiharibu. Wewe huna kitu."

Romani akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, tabasamu la kumhurumia mtu mzima. "Ahsante, fundi. Mtu mwema wewe, unanifariji. Lakini nilipoondoka gari lilipona. Mji mzima umeona."

Abilahi akaeleza tena. Akaeleza habari ya debe, ya mguu wa shemeji, ya nyaya. Kadiri alivyoeleza ndivyo Romani alivyozidi kumshukuru. Fundi hakosei, yeye mwenyewe Abilahi ndiye aliyeufundisha mji neno hilo, na sasa alikuwa hawezi kulifuta. Wageni wakala, wakaaga. Mtoto aliondoka mgongoni mwa mama yake. Mwahija akaanza kukusanya sahani, akaziacha, akasema, "Na ulikula pweza wako," akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi stendi imejaa. Mizigo inapandishwa, wauza mihogo wanapiga kelele, Bakari amesimama kando ya basi na bakora yake. Abilahi alikuja na Romani. Alimfuata hadi shambani kwa Mzungu alfajiri kumwombea ruhusa kwa mnyapara, akamleta karibu kwa kumburura. Akapanda kwenye kidato cha basi. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa amechoka kuficha.

"Jamani, nisikilizeni," akasema. "Mnanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyaua magari ya Lindi. Mafuta yangu ya papa yaliozesha nyaya. Huyu hapa alipigwa kwa uongo wangu, mahali hapa hapa. Gari lilipona kwa sababu mafuta yaliniishia, si kwa sababu yeye kaondoka."

Kisha mama mmoja mwenye kapu la dagaa akasema, "Kumbe ndiyo maana kila nikipanda basi hili nalaumiwa mimi kwa harufu," na stendi nzima ikaangua kicheko. Cheka nao, lakini yeye aliyesimama juu hakucheka. Kuna mmoja nyuma aliyemwita Fundi Papa, na jina hilo halikumtoka tena hadi walipomzika. Bakari uso ulimwiva. Alimtazama Abilahi kwa jicho ambalo halikusitiri chochote, akawatazama abiria, akaona wote wanamngoja yeye.

"Basi aendeshe," akasema kwa meno. "Rafaeli, rudi kwenye lori lako."

Rafaeli akashuka, akampigapiga Romani begani. Romani hakusogea. Watu wakamhimiza, wakamwita kwa jina. Akaukaribia mlango wa dereva, akasimama, akamgeukia Abilahi.

"Liwashe wewe kwanza, fundi. Nisije nikaligusa likafa tena mbele ya watu."

Abilahi akaichukua hendeli, akapiga goti kwenye vumbi na kanzu yake, akazungusha. Zilikuwa nyaya mpya, kavu. Alizitia mwenyewe jioni ya jana yake. Injini ikashika mara moja, ikanguruma vizuri, bila kwikwi. Ndipo Romani akapanda. Akakaa kwenye kiti, akafunga mlango kwa kiwiko. Abilahi aliinuka, akamtazama kupitia kioo, akangoja aushike usukani. Injini iliendelea kunguruma. Romani alikaa, mikono ameilaza juu ya magoti, na abiria wote wakangoja.